Tukiwatukana, Tunawapa pa Kutokea

Julai 2024, wiki ya tatu ya mazoezi ya kufundisha, nilikuwa nafundisha Uraia kidato cha tatu kwenye shule moja ya sekondari hapa Ifakara. Mada ilikuwa haki za binadamu. Nilijiandaa haswa: andalio la somo limesainiwa, bango nimechora usiku kucha, na ubaoni nimeandika ibara ya 18 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 kwa maneno mepesi, kwamba kila mtu ana uhuru wa kuwa na maoni na kuyatoa. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha kidole.

"Madam, na wewe huwa unawasemaga viongozi Facebook?"

Darasa zima likacheka. Nikacheka na mimi, nikasema hilo ni swali zuri, tutalijadili kipindi kijacho. Kengele ilikuwa bado dakika 15.

Wenzangu mnaosoma ualimu mnajua maana ya "tutalijadili kipindi kijacho". Ni maneno ya mwalimu aliyebanwa. Nilibanwa kwa sababu jibu la kweli lilikuwa hivi: ndiyo, nimewahi, nilifanya vibaya, na aliyelipia hakuwa mimi. Nataka nilijibu swali lile hapa, mbele yenu, kwa sababu naona sote tunalikimbia kwa namna mbili. Wapo wanaosema kiongozi asisemwe kabisa, eti ni kukosa adabu. Na wapo wanaosema uhuru ni uhuru, andika chochote. Mimi nimeshakaa pande zote mbili na zote zimenishinda.

Hadithi yenyewe ni ya masika ya mwaka huohuo. Mvua zile mnazikumbuka. Bonde la Kilombero lote lilikuwa maji. Kijijini kwetu kuna kijito ambacho kiangazi unakiruka tu, lakini masika kinageuka mto. Kulikuwa na daraja la magogo, maji yakalibeba. Watoto wa shule ya msingi wakawa wanavushwa mgongoni na kaka zao, na siku ambayo kaka hayupo, shule hakuna. Diwani wetu, mama mmoja ambaye sitamtaja, alikuwa ameahidi daraja la zege kwenye kampeni za 2020. Ahadi tuliisikia kwa masikio yetu.

Binamu yangu ni fundi simu na ni mchangamfu sana kwenye magrupu. Akatengeneza picha: kichwa cha diwani kimebandikwa kwenye mwili wa kiboko, mdomo umeachama, na ndani ya mdomo kuna daraja. Chini ameandika neno moja tu: "Limeliwa." Jamani, ilichekesha. Mimi nilikuwa chuoni, nimejilaza kitandani hosteli, nikacheka mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akaniuliza kuna nini. Kisha nikaisambaza kwenye magrupu matatu. Nikaongeza na maneno yangu ambayo leo naona aibu kuyaandika humu.

Siku ya kwanza watu walizungumzia daraja. Siku ya pili walizungumzia unene wa diwani. Siku ya tatu wakahamia kwenye ndoa yake, nani alimwacha na kwa nini. Ikafika mahali kijana ambaye wala si wa kata yetu anaandika habari za watoto wake. Daraja hakuna aliyelikumbuka tena.

Kisha ukaitishwa mkutano wa kijiji. Mama alinisimulia kwa simu. Diwani alisimama akalia mbele ya watu. Akasema yeye ni mama, ana watoto wanaosoma, wanaonyeshwa picha ya mama yao akiwa kiboko. Wazee wakatikisa vichwa. Wanawake waliokuwa wa kwanza kumlaumu kwa ajili ya daraja wakaanza kumpigia makofi ya pole. Binamu yangu akaitwa mbele, akaomba radhi mara tatu, akaambiwa ashukuru kwamba suala halipelekwi polisi. Mkutano ukafungwa kwa sala. Ajenda ya daraja ilikuwa ya pili kwenye orodha. Muda ukawa umeisha.

Jioni mjomba alinipigia. Yeye si mtu wa maneno mengi. Akasema, "Mjomba, yule mama aliingia mkutanoni akiwa na kesi ya kujibu. Akatoka akiwa mlalamikaji. Nyie mmempa pa kutokea."

Hayo ndiyo maneno niliyokuja kuyasema humu. Kwa muda mrefu niliambiwa nisitukane viongozi kwa sababu ni wakubwa, wanastahili heshima. Sababu hiyo haikuwahi kuniingia akilini. Niliona mtu mwenye gari, mshahara na ulinzi hawezi kuumizwa na stika ya WhatsApp. Sasa nina sababu nyingine. Kiongozi aliyeulizwa swali gumu hakuna zawadi kubwa unayoweza kumpa kuliko tusi, maana swali lina jibu moja tu la heshima, nalo ni kujibu, lakini tusi linampa majibu kumi: anaweza kulia, kukasirika, kushtaki, kukuhubiria maadili, kukuuliza wewe ni mtoto wa nani. Na watu wetu, kwa malezi yetu, watasimama upande wake.

Historia ya wanafunzi wa nchi hii inalijua jambo hili. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga utaratibu mpya wa Jeshi la Kujenga Taifa. Hoja yao mojawapo ilikuwa nzito: tunaambiwa tujitolee, wakati viongozi wenyewe wana mishahara minono. Lakini walibeba pia bango lililosema afadhali enzi za ukoloni. Miaka 5 tu baada ya uhuru! Mwalimu Nyerere alikasirika, akawafukuza wanafunzi zaidi ya 300, ingawa wengi walirudishwa baadaye. Lakini palepale alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno, na akaupunguza wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha lenye masharti ya uongozi. Mimi nikiisoma habari ile naona maneno mawili ya wanafunzi walewale, siku ileile. Lile la ukoloni lilimpa Rais sababu ya kuwafukuza. Lile la mishahara lilimbana, hakuwa na pa kutokea ila kujipunguzia.

Sasa, tusidanganyane. Kuna watu watasoma mpaka hapa wafurahi, waseme binti huyu kalelewa: kumbe ukisema kwa adabu hakuna atakayekugusa. Hapana, sijasema hivyo, na si kweli.

Mwaka 2018 Abdul Nondo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kiongozi wa mtandao wa wanafunzi Tanzania, TSNP. Februari mwaka huo Akwilina Akwilini, mwanafunzi mwenzetu wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala, na kina Nondo wakadai watu wawajibike. Hakumtukana mtu. Mwezi Machi akatoweka, akaonekana Mafinga, mkoani Iringa, akisema alitekwa. Akashtakiwa yeye kwa kutoa taarifa za uongo. Novemba 2018 mahakama ikamwachia huru. Kenya nako, Juni 2025, Albert Ojwang, ambaye alikuwa mwalimu kama tunavyotaka kuwa sisi, alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya chapisho mtandaoni kuhusu naibu mkuu wa polisi, akapelekwa Nairobi, akafia mahabusu. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa madaktari ukaonyesha alishambuliwa.

Kwa hiyo adabu si kinga, na anayekuambia ni kinga ama hajui ama anakuuza. Ninachosema ni kwamba adabu ni kazi ya hoja. Inaifanya hoja isimame yenyewe hata wewe ukianguka.

Na wala sisemi anayetukana afungwe. Julai ileile ya 2024, mimi nikiwa naandika ibara ya 18 ubaoni, mahakama ya Rungwe mkoani Mbeya ilimhukumu kijana mchoraji wa miaka 24 kifungo cha miaka 2 au faini ya shilingi milioni 5. Alikuwa amejirekodi TikTok akichoma picha ya Rais na kutoa maneno makali. Sheria iliyotumika ni ile ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo kifungu chake cha 16 kinahusu taarifa za uongo na faini yake inaanzia hizohizo milioni 5. Wanasheria wakauliza hadharani: kuchoma picha ni kosa kwa kifungu kipi? Wananchi wakachangishana mtandaoni, wakamlipia, akatoka. Mwezi uliofuata familia yake ikaripoti kwamba amechukuliwa na watu wasiojulikana.

Mimi sikuipenda ile video. Ningekuwa dada yake ningemgombeza. Lakini kati ya kugombezwa na dada na kupotea kuna umbali mkubwa, na nchi inayojiheshimu inapaswa kukaa karibu na dada. Majirani wameanza. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ilifuta kosa la kudhoofisha mamlaka ya mtumishi wa umma, na Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikafuta kifungu cha mawasiliano ya kuudhi. Hao si watu wasiojua heshima. Wameelewa tu kwamba tusi lina dawa zake: aibu, kukosolewa, kupuuzwa, na kesi ya madai kama jina la mtu limechafuliwa kwa uongo. Shilingi milioni 5 ni magunia mangapi ya mpunga? Pigeni hesabu wenyewe, mnaotoka Mngeta na Mlimba.

Kuna wanaosema heshima hii ni mambo ya kizungu ya "lugha rasmi", na sisi Waafrika tunajua kusemana. Kweli tunajua. Kwetu tuna utani. Jirani yetu mmoja Mhehe alipofariki, watani wake Wangoni walifika msibani wakalala mbele ya jeneza, wakadai halitoki mpaka deni lilipwe, wakamsema marehemu kuwa alikuwa mchoyo, anaficha pombe chini ya kitanda. Wajane walicheka huku wanalia. Lakini angalieni masharti yake. Mtani anakuja uso wazi, jina lake linajulikana, baba yake anajulikana. Anajua mpaka ulipo. Na akimaliza kukusema, anachukua jembe anakwenda kuchimba kaburi. Ile picha ya kiboko haikuwa utani. Mimi niliyeisambaza nilikuwa mbali, kitandani, na sikuwa na jembe.

Ni mfano wa pale Mlimani uliopaswa kunifundisha mapema. Kabla ya simu hizi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kitu kinaitwa Mzee Punch: michoro na maandishi yanayobandikwa ukutani usiku, bila jina. Lakini kalamu isiyo na jina ikishazoea kudhalilisha huwa haiulizi tena nani ana mamlaka na nani hana. Ikawageukia wanafunzi wa kike. Mwaka 1990 msichana mmoja aliyeandamwa na Punch alijiua. Alikuwa na umri kama wetu. Leo ukuta umehamia kiganjani, na ukitazama viongozi wanawake wanavyosemwa, utaona hawaulizwi bajeti. Wanaulizwa mwili, ndoa, uzazi. Kiongozi mwanaume akila daraja anaitwa mwizi. Mwanamke anaitwa kiboko. Mimi binti, mwalimu mtarajiwa, nikaongezea maneno yangu.

Hilo la kuficha jina nalo si jepesi. Sitamwambia mtu yeyote katika nchi hii afute akaunti isiyo na jina, baada ya hayo niliyoyataja. Kuna mambo huwezi kuyasema kwa jina lako ukalala. Ila nina kipimo kimoja ninachojitahidi kukitumia: je, hiki ninachokiandika kwa jina la kubuni, ningeweza kukisema nimesimama mkutanoni kijijini, mama yangu amekaa mstari wa mbele? Kama kinachonizuia ni hofu ya kukamatwa, basi jina la kubuni ni ngao halali. Kama kinachonizuia ni aibu, basi ni kichaka tu.

Tusiende mbali, tujitazame hapahapa chuoni. Boom likichelewa wiki moja, ingieni kwenye magrupu yetu. Waziri wa mikopo wa serikali ya wanafunzi anatukanwa mpaka kabila lake, wakati huenda hata barua ya Bodi hajaiona. Na upande wa pili, viongozi wetu, samahanini nawasema kwenye gazeti lenu wenyewe: mtu akiuliza mapato na matumizi ya michango, mnamtoa kwenye grupu. Kisha jioni mnaposti mistari ya kulaani viongozi wa taifa wasiosikia. Kumtoa mtu kwenye grupu kwa swali na kumtoa mtu nyumbani usiku kwa swali havilingani hata kidogo, lakini mazoezi ya kwanza ndipo yanapofanyikia. Heshima si deni la anayeuliza peke yake. Kiongozi asiyejibu swali lililoulizwa vizuri ndiye aliyeanza kukosa adabu.

Baada ya lile swali la darasani, Jumamosi nilipanda bodaboda nikaenda kijijini. Niliwahi kijitoni asubuhi. Maji yalikuwa yamepungua, yanafika magotini. Nilihesabu watoto 37 waliovua viatu wakavuka, wakubwa wakiwashika wadogo mikono. Nikapiga picha ya mbali, nyuso zisionekane. Nikaandika kwa jina langu: daraja la magogo lilichukuliwa na maji mwezi Aprili; ahadi ya daraja la zege ilitolewa kwenye kampeni za 2020; naomba diwani wetu atuambie lipo kwenye bajeti ya nani, ya mwaka gani, na kama halipo, lini litaingizwa. Nikamalizia na shikamoo. Nikaposti kwenye grupu lilelile la kijiji.

Sitawadanganya kwamba dunia ilibadilika. Saa moja baadaye mtendaji alinipigia kuniuliza nani amenituma. Baba hakulala; akanisihi nifute, nisije kukosa ajira ya serikali. Binamu yangu hakuandika neno, na nadhani alikuwa na haki. Lakini kuna kilichotokea. Chini ya ile picha watu wakaanza kuongeza: mmoja akataja tarehe mtoto wake alipoteleza, mwingine akaweka picha ya magogo ya zamani, mzee mmoja akakumbusha ni nani alikuwepo siku ya ahadi. Hakuna aliyetaja mwili wa mtu. Siku ya nne diwani aliandika. Alisema daraja halimo kwenye bajeti ya mwaka huo na ataliombea lingine. Ni jibu baya. Lakini ni jibu, limeandikwa, lina tarehe, na limepigwa skrinishoti na kijiji kizima. Akisimama tena jukwaani, hana pa kutokea.

Daraja mpaka leo halijajengwa.

Jumatatu nilirudi darasani. Nikamwambia yule kijana, ndiyo, huwa nawasema, na nikawasimulia yote, ya kiboko na ya watoto 37. Hawakucheka. Kisha nikawapa zoezi la kuandika barua kwa kiongozi yeyote, kuhusu jambo moja wanalolijua kwa macho yao: limetokea wapi, lini, nani anahusika, wanataka nini. Marufuku ni mbili tu: kusema uongo, na kusema mwili, kabila, dini au familia ya mtu. Yule kijana aliandika kuhusu choo cha shule. Barua aliielekeza kwa mkuu wa shule.

Akaja kuniuliza kama aipeleke. Nilikaa kimya kidogo, maana mazoezi yangu ya kufundisha yanasainiwa na mkuu huyohuyo. Kisha nikamwambia apeleke, na nikaenda naye mpaka mlangoni.